Siku ya Kufunga Ngao, Mguu Wangu Ukiwa Kwenye Breki

Tulikuwa wanne. Niwataje kwanza, ili baadaye mtu asije akasema alikuwepo na hakuwepo.

Wa kwanza ni mimi ninayeandika. Wa pili ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, niliyemlea tangu ana miaka mitatu. Sasa ni mwanamke mzima, fundi wa kuchomelea vyuma, ana kibanda chake Kawempe. Nusu ya kibanda hasa, maana nusu nyingine ni ya muuza mkaa. Wa tatu ni makanika anayefanya naye kazi, Muganda, kijana wa watu mwenye watoto wawili, mpole, ila herufi zake mbili, r na l, zinabadilishana viti mdomoni. Wa nne ni mwenye pikapu, Mkenya, mfanyabiashara. Tunasali naye kanisa moja. Mke wake na watoto wako kwao Kenya, yeye anakaa peke yake Naguru, nyumba yenye ua wa mteremko. Mlinzi wake alikuwa na ruhusa siku hiyo, kwa hiyo simhesabu.

Majina yao ninayo yote, na majina ya baba zao, na jina la mama aliyeniuzia maharagwe asubuhi ile. Shule yangu iliishia darasa la tatu kule Uvira, Kiswahili cha kuandika nimekipata kwenye Biblia, lakini jina la mtu halinitoki. Mjukuu wangu ndiye aliyeniambia, "Koko, andika unachotaka, ila majina yaache, watu wana maisha yao." Koko ndivyo anavyoniita, kama kwetu. Makanika ananiita Jaja. Mkenya ananiita Shosho. Zote ni bibi tu, naitika zote.

Sasa habari yenyewe.

Yule Mkenya hupeleka bidhaa kaskazini, na jioni moja aligonga ng'ombe barabarani. Ng'ombe alikufa, pikapu ikabaki na uso uliobonyea, taa moja hakuna, bampa limening'inia. Alipopona hofu akaenda kwa wauza vyuma vya magari makuukuu akanunua ngao, yale mabomba mazito ya chuma yanayofungwa mbele ya gari ili likigonga kitu kiumie chuma kwanza. Ila ngao yenyewe ilikuwa imetoka kwenye gari jingine, kubwa kuliko lake. Mikono yake miwili ya nyuma, ile inayoshika kwenye fremu chini ya gari, ilikuwa imeachana zaidi na mirefu zaidi. Ikabidi ikatwe, ifupishwe, ichomelewe vibao vipya, itobolewe matundu mapya. Kuipeleka pikapu Kawempe haikuwezekana, haina taa, haina uso, na polisi wa pale Naguru wako karibu kuliko duka la mkate. Kwa hiyo fundi ndiye aliyeifuata gari.

Mjukuu wangu alipoaga kwamba anakwenda kufanya kazi siku nzima kwenye ua wa mwanamume asiye na mke nyumbani, nikavaa viatu.

"Koko, baki. Kazi ni ya chuma na moshi."

"Nitabaki nyumbani nikishakufa."

"Makanika wangu atakuwepo."

"Huyo naye ni mwanamume."

Akacheka, akanipa mfuko wa vijiti vya kuchomelea niubebe. Mimi nikachukua sufuria, maharagwe na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Sikutaka tule chakula cha yule mtu. Ukila chakula cha mwanamume anayekaa peke yake, watu wa kanisani wanapata la kusema, na mimi nawajua wote watakaosema, na watasema kwa utaratibu gani. Jiko la mkaa nililiacha, bodaboda alikataa kupakia sufuria na jiko na mimi.

Tulipofika nilianza kuogopa, na niseme ukweli, sikuacha mpaka jua lilipogeuka. Ua wote ulikuwa unateremka kuelekea getini, na pikapu ilikuwa imesimama katikati, uso chini. Mjukuu wangu alilala chali kwenye gunia akaingia chini yake kupima fremu kwa kamba, nikaona miguu yake tu nje, na viatu vyake vile vya kamba nilivyomnunulia mimi. Mama yake nilimwona mara ya mwisho hivyohivyo, miguu tu, wakati wanamsukuma kwenye kitanda cha hospitali mlango ukajifunga. Nikageuza macho.

"Bleki ya mkono je?" makanika akamuuliza mwenye gari.

"Hiyo ilikufa zamani, boss. Mimi naweka tu gia."

"Gali ya mtu mzima, haina bleki ya mkono!"

"Ina Mungu."

"Mungu hayuko hapa chini," mjukuu wangu akasema kutoka chini ya gari. "Nitafutieni jiwe."

Makanika akatafuta jiwe. Hapa ndipo penye habari yangu, mnivumilie. Alipata jiwe zuri, pana, bapa juu na chini. Akalipiga chaki msalaba, maana yeye kila kitu anakipiga chaki, akaliweka mbele ya tairi la nyuma la kushoto. Lakini hakulisogeza likagusa tairi. Aliacha nafasi ya kiganja kimoja. Sababu ilikuwa hii: ngao ni nzito, ikishasimamishwa juu ya jeki na matairi mawili ya zamani haisogezwi ovyo. Ni rahisi kuileta gari kwenye ngao kuliko kuipeleka ngao kwenye gari. Kwa hiyo wangeiachia gari ishuke kiganja kimoja tu, mikono ya ngao iingie kwenye fremu, na tairi ligote kwenye jiwe. Ndivyo mafundi wa njiani wanavyofanya, nimeambiwa baadaye. Wakati ule hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Gari ilikuwa kwenye gia, imetulia.

Wakaanza kukata. Grenda ililia mpaka meno yakaniuma. Mjukuu wangu alikuwa amefunika rejeta kwa gunia lililoloweshwa maji ili cheche zisiingie, na makanika alikuwa amechomoa waya wa betri, maana wanasema ukichomelea betri ikiwa imefungwa unaunguza akili za gari. Kila cheche iliporuka nilifikiri tangi la mafuta. Nikaona heri nipike, mikono ipate kazi.

Nilipata mawe mawili karibu na ukuta. La tatu sikupata. Nikazunguka ua mzima, nikaona mbele ya tairi la nyuma jiwe zuri, bapa, limekaa bure, halijagusa chochote. Nikasema moyoni, hili limesahauliwa. Nikaliokota. Lilikuwa zito, nikalibeba tumboni kama mtoto. Chaki nikaifuta kwa kanga kidogo, haikutoka yote. Nikawasha moto, nikatega sufuria. Hakuna aliyeniona. Mjukuu wangu alikuwa anachoma kibao, makanika amemshikia chuma huku amegeuza uso, Mkenya yuko ndani anaongea na simu.

Maharagwe yakachemka. Mikono ya ngao ikafupishwa, ikapoa. Wote watatu wakaiinua wakaisimamisha juu ya jeki na yale matairi, usawa wa fremu. Kumbe gari ikawa mbali na ngao kwa kile kiganja kimoja, kama walivyopanga.

"Nani atakanyaga bleki?" makanika akauliza. "Mimi lazima nishike ngao mbele. Na mwenye gali ashike upande ule."

Mjukuu wangu akaniangalia.

"Koko, unajua breki ni ipi?"

"Nimepanda magari kabla mama yako hajazaliwa."

"Kupanda si kuendesha."

"Ile ya katikati."

"Kumbe! Haya, panda. Unakanyaga mpaka mwisho. Nikisema achia, unaachia kidogo sana, kama unamwaga mafuta kwenye kijiko. Nikisema shika, unashika. Jiwe lipo nyuma, usiogope."

Wakaniinua kitini. Nikakanyaga. Makanika akatia mkono dirishani akatoa gia, nikasikia uzito wote wa gari ukija mguuni kwangu. Sijui nisemeje. Ni kama mtu amekukabidhi ng'ombe akasema mshike mkia.

"Achia!"

Nikaachia. Gari ikashuka.

"Shika!"

Nikashika. Makofi wakapiga. Mikono ya ngao ilikuwa imeingia kwenye fremu kama vidole kwenye glavu. Makanika akasema, "Jaja, kesho nakupa leseni!" Na mimi nilicheka, nakiri, nilicheka kwa kujivuna.

"Jiwe lipo?" mjukuu wangu akauliza, tayari amelala kwenye gunia lake.

"Jiwe iko, nimeweka mimi mwenyewe," makanika akajibu. Hakuinama kuangalia. "Gia niiache imetoka hivyo hivyo, labda tutasogeza tena kidogo."

"Koko, endelea kukanyaga tu. Dakika tano."

Akaingia chini. Kichwa, mabega, kifua, vyote chini ya ngao. Mkenya simu yake ikalia, akaenda barazani.

Mimi nikageuka kuangalia sufuria yangu isije ikamwagika. Moto ulikuwa upande wa kushoto, nauona vizuri kupitia dirisha. Nikaona mafiga matatu. Na kwenye figa moja, katikati ya masizi, nikaona msalaba wa chaki.

Nimekimbia vita mara mbili. Nimelala porini na mtoto mgongoni, askari wakipita karibu nikisikia pumzi zao. Lakini hofu ile ilikuwa ya kugawana na watu. Hii ilikuwa yangu peke yangu. Nilielewa yote kwa mara moja: kiganja kimoja, jiwe, gia, gunia, na mtoto wangu chini, na kilicholizuia gari lisimpande kilikuwa mguu wa mwanamke mzee mwenye goti linalouma mvua ikikaribia.

Nikaita. Grenda aliyoingia nayo mjukuu wangu ikalia juu ya sauti yangu. Nikaita tena kwa nguvu zote, makanika alikuwa mbele yangu kabisa, kioo tu kinatutenganisha, lakini ameshika ngao kwa mikono miwili, amevaa miwani nyeusi, amegeuza uso kukwepa cheche. Nikapiga honi. Honi haikulia. Nikapiga tena, nikapiga kwa ngumi, ndipo nikakumbuka waya wa betri walivyouchomoa.

Nikaweka na mguu wa pili juu ya wa kwanza. Goti likaanza kutetemeka. Na nikasikia pedeli inazama. Polepole sana, kama mtu anayekaa kwenye godoro. Nilikuwa nimekanyaga mpaka mwisho, sasa mwisho ule ulikuwa unasogea. Nikashika usukani nikajisukuma mgongo kwenye kiti, nikasimama karibu nusu juu ya breki ile. Jasho likaniingia machoni. Sikuthubutu kulifuta.

Sikuomba. Watu wakiniuliza huwa nasema niliomba, ila hapa naandika. Nilichofanya ni kuhesabu majina. Jina la mama yangu, jina la binti yangu, jina la huyu aliye chini. Nikarudia. Nilifikiri nikinyamaza kichwani mguu nao utanyamaza.

Grenda ikazimwa. Ukaja mwanga wa kuchomelea, mweupe, unatetemeka chini ya gari. Nikajua kijiti kitaisha, lazima kiishe, kila kijiti huisha. Kikaisha. Pakawa kimya.

"Toka!" nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Subiri, Koko. Kimoja tu nimalize."

"Toka chini!"

"Mguu umechoka? Mwenye gari, njoo umsaidie Koko! Kimoja tu, jamani."

Nikamsikia anagonga kijiti kipya. Hapo nikamwita kwa lile jina la nyumbani, alilopewa na mama yake, ambalo tangu msiba sikuwahi kulitamka, maana tulikubaliana sote kuliacha. Nilimwita mara moja. Hakuuliza. Niliona gunia linateleza, akatoka kwa ubavu upande wa kulia kama mtu aliyeungua.

Alipokuwa ameshasimama, mguu wangu ukaisha. Sikuuachia mimi, uliisha. Gari ikashuka hatua nzima, ikaisukuma ngao, jeki ikalala, na chuma kile kikaanguka kwenye saruji, juu ya gunia. Mlio wake ninao mpaka leo. Makanika aliruka nyuma akaanguka kwa makalio. Gari ikapanda matairi yale ya zamani, ikakwama.

Kisha mjukuu wangu akaangalia gunia, akaangalia makanika.

"Jiwe liko wapi?"

"Niliweka."

"Nakuuliza liko wapi!"

"Haki ya Mungu niliweka, na chaki nikaweka!" Alikuwa ametoa miwani, macho mekundu. Akazunguka nyuma akainama, akasimama tena, mikono mitupu. "Niliweka, Jaja. Wewe uliniona?"

Mkenya alikuwa amerudi mbio, simu mkononi. "Hii ni nini? Mnataka kuua mtu kwangu?"

"Chukua spana zako," mjukuu wangu akamwambia makanika, taratibu, na hiyo taratibu ndiyo mbaya. "Chukua, uende. Mimi nilikuwa chini. Nilikuuliza kabla sijaingia."

Akaanza kuokota spana. Moja moja, anazifuta, anaziweka mfukoni. Miaka mitatu walikuwa wamefanya kazi pamoja. Na mimi nilikuwa bado nimekaa kitini, miguu inaruka yenyewe, na niwaambie ukweli: nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka spana ya nne au ya tano. Niliogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa nimekanyaga breki. Mjukuu wangu hana mwingine, na mimi sina mwingine. Niliona kwamba nikisema, ataniangalia kwa jicho lile alilomwangalia makanika, na mimi sina spana za kuokota, sina pa kwenda.

"Jiwe liko motoni," nikasema.

"Nini, Shosho?"

"Nililichukua mimi. Linashika maharagwe. Nilifikiri limekaa bure."

Makanika akaenda mpaka kwenye moto, akachungulia. Akaweka mikono kichwani. "Chaki yangu!" akasema. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu anayetaka kulia. "Jaja umenipikia jiwe!"

Mjukuu wangu hakucheka. Alikuja mpaka kwenye mlango wa pikapu, akaniangalia mguuni, siyo usoni. Ulikuwa unatetemeka bado. Akaushika gotini kwa mkono wake wenye masizi, akaukandamiza mpaka ukatulia.

"Ulijua lini?"

"Ulipokuwa umeshaingia."

"Ukakaa hivyo muda wote?"

"Ningekwenda wapi?"

Akaondoka. Akaiepua sufuria, akaiweka chini, akamwaga maji kwenye jiwe, likapiga mvuke. Akalichomoa gunia lilelile chini ya ngao, akalifungia jiwe, akalibeba, akamkabidhi makanika. Hakumwomba msamaha kwa maneno. Alisema, "Liweke wewe. Na safari hii liguse."

Waliisukuma gari juu wote watatu, wakaliweka jiwe, wakaweka na matofali mawili, wakaisimamisha ngao upya. Ila mikono ilikuwa bado inataka kusogezwa kidogo, upana wa kidole, kwa hiyo jiwe na matofali vikasogezwa kiasi hicho, na mtu akahitajika tena kwenye breki.

"Mimi nitakanyaga," akasema Mkenya. "Shosho apumzike."

"Hapana," mjukuu wangu akasema. "Wewe simu ikilia utaitika. Koko, kaa vizuri."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia mguu umekufa. Akasema, "Basi tumia mwingine." Akalala kwenye gunia, akaingia chini, na kabla kichwa hakijapotea akaniangalia, mara ya kwanza tangu nilipokiri. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Safari hii tairi liligota kwenye jiwe, nikalisikia likigota, lakini sikulegeza hata kidogo mpaka boliti ya mwisho ilipofungwa na viatu vyake vilipotoka nje na yeye ndani yake.

Maharagwe yalikuwa yameshika chini. Tulikula hivyohivyo. Mkenya naye akala kwetu.

Ngao ile bado iko kwenye pikapu, naiona kila Jumapili nje ya kanisa, na kila nikiiona goti linajibu. Makanika bado anafanya kazi na mjukuu wangu. Ninyi watatu, makanika na mjukuu wangu na mwenye gari, mtasoma haya, au mtasomewa. Kama jiwe lilikuwa tairi la kulia na siyo la kushoto, kama spana zilikuwa tatu na siyo nne kabla sijafungua mdomo, kama nilimwita mtoto mara mbili na mimi nakumbuka moja, niambieni, nitafuta na kuandika upya. Daftari bado lina kurasa. Na kama yupo mwingine aliyekuwa uani nikamsahau, aseme, nitamwongeza. Jina lake lazima nitakuwa nalo.